Hati za Kampuni Ziwe za Kampuni

Kuanzia ofisi za mawakala wa forodha mjini Mombasa hadi maduka ya jumla ya Kariakoo, imekuwa jambo la fahari siku hizi kutangaza kwamba makabati ya majalada yameondolewa na nyaraka zote zimehamishiwa kwenye wingu, yaani katika kompyuta za makampuni makubwa ya ng'ambo zinazofikiwa kwa intaneti. Nami siipingi fahari hiyo, ila nasikitika kuona kwamba aghalabu matajiri wetu huuliza bei ya huduma na ukubwa wa nafasi, wasiulize swali lililostahili kutangulia, nalo ni hili: hati hizo, zikisha kuwekwa huko, ni milki ya nani?

Mtazame wakala anayetoa kontena moja bandarini. Mikononi mwake hupita hati ya shehena, ankara ya muuzaji, orodha ya vifurushi, cheti cha asili ya bidhaa na risiti za ushuru. Na maadamu kontena lililozidisha muda wake wa bure hutozwa ada siku kwa siku, karatasi moja iliyopotea yaweza kula faida yote ya kazi ile. Ofisi nyingi bado hutumiana hati hizo kwa WhatsApp, zikachanganyika na salamu za asubuhi, taarifa za misiba na picha za harusi, hata ankara moja ikawa na nakala nne, ya kwanza ikiitwa "mpya", ya pili "mpya sahihi", ya tatu "ya mwisho", na ya nne, kwa kukata tamaa, "ya mwisho kabisa", ilhali anayejua ni ipi iliyopelekwa forodhani ameondoka kwenda kula. Hapo ndipo Google Drive, OneDrive na nyinginezo mfano wake huleta nafuu ya kweli, kwa kuwa jalada huwa moja tu, karani wa Mombasa na mhasibu wa Nairobi wakaliandika kwa pamoja, na ukitaka kujua nani alibadilisha tarakimu, na saa ngapi, historia ya jalada itakwambia.

Lakini akaunti ya huduma hizo ilifunguliwa na nani? Mara nyingi ni kijana mmoja mjuzi wa kompyuta, aliyeambiwa "tutengenezee hapo", naye akaifungua kwa baruapepe yake mwenyewe, kwa sababu Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo (nafasi ambayo barua, picha na majalada hugawana, na ikijaa hata barua za wateja haziingii). Kwa kanuni ya huduma hiyo, jalada lililoundwa katika akaunti ya mtu binafsi ni lake yeye, hata wenziwe wote wakiruhusiwa kulisoma na kuliandika. Basi akiacha kazi kwa ugomvi, au Mola akimchukua ghafla na nywila haijui mtu mwingine, tajiri hubaki akibisha hodi kwenye mlango wa hazina yake mwenyewe. Ajabu ni kwamba tajiri huyo huyo hangekubali abadan hati ya nyumba yake iandikwe jina la karani kwa kuwa tu karani ndiye aliyepanga foleni kwenye ofisi ya ardhi.

Dawa yake haina siri: akaunti ya biashara ya kulipia, iliyosajiliwa kwa jina la kampuni, yenye hifadhi ya pamoja ambamo jalada hubaki hata mwandishi wake akiondoka, na usimamizi wake uwe kwa watu wawili wenye dhamana. Fauka ya hayo, iachwe tabia ya kufungua jalada kwa "mtu yeyote mwenye kiungo", maana ndani yake mna nakala za pasipoti na vitambulisho vya wateja, na mambo hayo sasa yana sheria: Kenya tangu 2019, na Tanzania kwa sheria ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 1, 2023.

Tusisahau pia kwamba wingu hilo hupita chini ya bahari. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania na kwa majirani zake, na asiyekuwa na nakala ofisini alikaa kungoja. Wala jalada kuonekana katika kompyuta tatu si kuwa na nakala tatu. Ukilifuta katika moja hufutika kote, na Google hulihifadhi katika pipa la taka siku 30 tu. Diski moja ya pembeni, inayojazwa kila wiki na kufungiwa kabatini, ingali na kazi yake.

Watanijibu kwamba ada hutozwa kwa kila mtumiaji, kila mwezi, na shilingi haitulii. Ni kweli, wala si lazima kila aliye ofisini apewe akaunti. Aanze mwenye biashara, mhasibu na karani wa hati, na wengine wafuate kwa kadiri ya kazi zao.