Pima Mguu Wako Kabla ya Kuuliza Bei ya Baiskeli

Mtu akija zahanati akilalamika magoti na kiuno, huulizwa umri wake, kazi yake, na kama amewahi kuanguka. Kwa maoni yangu lipo swali jingine linalofaa kuulizwa mapema: unaendesha baiskeli ya namna gani? Makatekista wetu, wahudumu wa afya wa vijijini na wanafunzi hukanyaga kilometa nyingi kila juma, na wengi wao wako juu ya fremu iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Masokoni zipo baiskeli za mtumba kutoka Ujapani na Ulaya, hata zile nyembamba za mashindano zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Sisemi zisinunuliwe. Ni nyepesi, na fremu ya chuma iliyotunzwa vizuri hudumu miaka mingi. Ila mnunuzi hutazama rangi, hupiga kengele, hubishana bei, kisha huondoka bila kujipima mwenyewe. Kiti hupandishwa na kushushwa, tairi hubadilishwa, hata usukani hubadilishwa. Fremu haiongezwi wala haipunguzwi.

Saizi ya fremu ni urefu wa bomba linaloshika kiti, kuanzia katikati ya ekseli ya pedeli mpaka juu bomba linapoishia. Muuzaji akikwambia "hii ni ishirini na nane", anataja gurudumu, si fremu. Baiskeli mbili za gurudumu la inchi 28 zaweza kuwa moja ya fremu ya inchi 22 na nyingine ya inchi 24, yaani karibu sentimeta 56 na 61. Tofauti hiyo mtu mfupi huijua siku anaposimama ghafla kumpisha ng'ombe.

Kujipima si kazi kubwa. Vua viatu, simama ukiegemea ukuta, bana daftari gumu katikati ya mapaja na ulivute juu kama vile umekalia kiti (kitabu cha nyimbo kiache kanisani). Mwenzako apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa daftari kwa tepu ya fundi cherehani. Zidisha kwa 0.65. Mwenye sentimeta 80 atapata 52, na hiyo ndiyo fremu ya mashindano inayomfaa, ikiwa bomba la juu limelala sawa. Kwa fremu ambazo bomba hilo linainama, hesabu hii haifai. Hapo panda katikati ya baiskeli, nyayo zote mbili chini. Kati ya bomba na mwili ibaki nafasi ya vidole viwili au zaidi.

Urefu wa kiti nao una hesabu yake, iliyoenezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Chukua kipimo kilekile, zidisha kwa 0.883. Yule wa sentimeta 80 atakaa karibu sentimeta 71 juu ya ekseli ya pedeli. Asiyependa hesabu aweke kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande.

Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjwa kupita kiasi na huuma mbele. Kikiwa juu mno, nyonga huyumba, na maumivu huja nyuma ya goti na kiunoni. Fremu ikiwa ndefu, mwendeshaji hujinyoosha kuufikia usukani: shingo hukakamaa, vidole viwili vya mwisho hufa ganzi. Ganzi ya sehemu za siri nayo isionewe haya. Ni mishipa inayobanwa na kiti, na mtu aishushe au aisawazishe siti yake mapema, na ganzi ikiendelea aende zahanati.

Hapa nina neno kwa wazazi. Binti hununuliwa baiskeli kubwa ya kwenda sekondari kwa hoja kwamba "atakua nayo". Wakati anasubiri kukua, anaendesha huku akining'inia upande mmoja barabarani penye malori. Na baiskeli ya kike, kwa kuwa haina bomba la juu, si kwamba inamfaa kila mwanamke. Bado mikono lazima iufikie usukani. Parokia nazo, zinapowanunulia makatekista baiskeli kumi za saizi moja, zina nia njema, lakini karatasi ya majina ingekuwa na safu moja zaidi ya urefu wa mguu.

Ukiisha kupata saizi yako, kagua fremu yenyewe mchana kweupe. Pitisha kidole chini ya bomba la chini, karibu na usukani: rangi iliyokunjamana au uvimbe mdogo humaanisha baiskeli iligonga kitu. Tafuta ufa kwenye maungio. Funga uzi kutoka upande mmoja wa ekseli ya nyuma, uzungushe mbele ya bomba la usukani, urudi upande wa pili; umbali wa uzi hadi bomba la kiti uwe sawa kushoto na kulia. Mwisho, mwombe fundi alegeze nati na kuchomoa nguzo ya kiti. Ikiwa imegandana kwa kutu na haichomoki, mwachie muuzaji amtafute mteja mwenye miguu ya urefu huohuo.