Spika za Misikiti Yetu: Tusinunue Wati, Tujifunze Ufundi

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, tumeona tuzungumzie jambo ambalo kwa juujuu laonekana dogo, ilhali linakula fedha za misikiti yetu mwaka hadi mwaka na, lililo zito kuliko fedha, linapoteza mafundisho. Jambo hilo ni vipaza sauti, au kama tunavyoviita mitaani, spika. Hapa Mbezi Beach, kuanzia Tangi Bovu hadi Africana, misikiti imeongezeka kadiri nyumba zilivyoongezeka. Mingi ni mizuri: ina vigae sakafuni, vioo madirishani na dari ndefu. Siku ya Ijumaa khatibu hupanda mimbari na spika huunguruma. Baada ya swala, ukiwauliza watu wa safu za nyuma khutba ilihusu nini, wengi hutazamana. Sauti wameisikia, maneno hawakuyapata.

Hapo ndipo kamati huitisha mchango. Hununuliwa amplifaya kubwa kuliko ya kwanza na spika pana kuliko zilizokuwapo, na baada ya miezi michache malalamiko hurudi palepale. Rai yetu ni kwamba dawa hiyo inatolewa bila ya ugonjwa kupimwa. Msikiti unahitaji vijana wake wenyewe wanaojua spika ni kitu gani, wanaoweza kuiunda, kuibadili na kuitafutia kasoro. Tutaeleza kwa nini.

KUSIKIKA NA KUFAHAMIKA

Wanachuoni wa lugha wametufundisha kwamba maneno hutofautiana kwa herufi moja tu. Qalbu ni moyo, na kalbu ni mbwa. Mwanafunzi wa tajwidi hukaa miezi mingi akijifunza kutenga sini, swadi na thaa. Sasa tuangalie spika inaifanya nini kazi hiyo ya miezi. Nguvu nyingi za sauti ya binadamu zimo katika irabu, nazo ziko kwenye masafa ya chini. Konsonanti kama s, f na th hazina nguvu nyingi na ziko kwenye masafa ya juu, lakini ndizo zinazobeba maana. Simu za zamani zilipitisha masafa ya hezi 300 hadi 3,400 tu, ndiyo maana mtu alilazimika kutaja jina lake herufi kwa herufi ili "f" isidhaniwe kuwa "s".

Msikiti wenye vigae na vioo huongeza tatizo. Irabu hugonga ukuta, hurudi, na kuifunika konsonanti inayofuata. Ukiongeza nguvu ya amplifaya, mwangwi nao unaongezeka kwa kiasi kilekile. Isitoshe, kanuni ya sikio ni ngumu: kutoka wati 100 hadi wati 200 unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo wengi hawaitambui kwa urahisi. Ili sauti ionekane imekuwa mara mbili, unahitaji takriban mara kumi ya nguvu. Kinyume chake, ukimsogezea msikilizaji spika nusu ya umbali, sauti inayomfikia moja kwa moja hupanda kana kwamba umezidisha wati mara nne, na hujatoa shilingi ya amplifaya mpya.

Wanaoumia zaidi ni akina mama. Mwanamume wa safu ya nyuma humwona khatibu, husoma midomo na mikono yake. Dada zetu walio nyuma ya pazia au ghorofani hawana isipokuwa ile spika moja. Ikiwa mbovu, kwao hakuna khutba wala darsa.

SPIKA NI KITU GANI?

Spika ambayo wengi wetu tunaitumia ilipata umbo lake mwaka 1925, pale wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walipochapisha kazi yao. Tangu hapo msingi haujabadilika. Kuna sumaku, kuna koili ya waya mwembamba iliyo ndani ya pengo la sumaku hiyo, na kuna koni ya karatasi iliyogundishwa kwenye koili. Umeme wa amplifaya ukipita kwenye koili, koili husogea mbele na nyuma, koni husukuma hewa, nasi husikia.

Koni inaposukuma hewa mbele, huivuta nyuma. Spika ikiwa tupu, mawimbi ya nyuma huzunguka na kuyaua ya mbele, na sauti nzito hupotea. Kwa hiyo boksi si pambo, ni nusu ya spika. Kwa miaka mingi maboksi yaliundwa kwa kubahatisha, hadi Neville Thiele wa Australia alipoandika mwaka 1961 hesabu ya kulinganisha spika na boksi lake, kisha Richard Small akaikamilisha katika miaka ya 1970. Leo kijana wa kidato cha nne anaweza kuifuata hesabu hiyo kwa kikokotoo cha simu.

SETI HUKUSANYWA, HAINUNULIWI

Katika nchi nyingine spika za kujiundia huuzwa zikiwa seti kamili ndani ya katoni, pamoja na maelezo. Kwetu seti hukusanywa. Spika tupu, waya, kapasita na vishikio hupatikana Kariakoo. Boksi huchongwa na maseremala wa Keko, au na seremala yeyote wa mtaani mwenye msumeno ulionyooka. Kinachokosekana ni yale maelezo, na hapo ndipo elimu inapohitajika.

Kwa msikiti wenye mwangwi tunapendekeza spika ya nguzo. Chukua spika nne ndogo za inchi 4, kila moja ya omu 8, zipange wima katika boksi jembamba lililofungwa pande zote. Mpango huo hutawanya sauti kulia na kushoto, na kuizuia isipande darini na kushuka kwenye vigae. Zifunge mbili kwa mfululizo, na mbili nyingine kwa mfululizo, kisha unganisha jozi hizo sambamba. Matokeo ni omu 8, mzigo ambao amplifaya ya kawaida huubeba bila taabu. Ndani jaza kiasi pamba au sufi ya mito ili kupunguza mwangwi wa boksi lenyewe. Kwa kuwa tuko karibu na bahari, plaiwudi iliyopakwa vanishi ni bora kuliko MDF, ambayo hunyonya unyevu na kuvimba.

Anayetaka kuongeza twita asiiunganishe moja kwa moja, kwani masafa ya chini yataiunguza. Kapasita ya mikrofaradi 4.7 ikiwekwa kwa mfululizo na twita ya omu 8, itaanza kuyapunguza masafa yaliyo chini ya hezi 4,200 hivi. Sabufa kwa ajili ya khutba haina kazi. Hunenepesha irabu, na konsonanti inazidi kufunikwa.

KASORO NA TIBA ZAKE

Yafuatayo ndiyo tunayoyakuta mara nyingi, na hakuna hata moja linalohitaji amplifaya mpya:

(i) Spika imenyamaza. Itenge, pima koili kwa mita. Spika nzima ya omu 8 husoma karibu omu 6. Mita isiposoma kitu, koili au waya umekatika. Tulifungua spika ya upande wa akina mama katika msikiti mmoja ambao kamati yake ilikwisha kukubaliana kununua mfumo mpya. Koili ilikuwa salama. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula ncha ya waya hadi ikawa unga wa kijani. Tulikata, tukakwangua, tukachomea kwa risasi upya, na darsa la jioni ile likasikika.

(ii) Amplifaya inapata moto na kujizima. Hesabu spika zake. Nne za omu 8 zikifungwa zote sambamba huwa omu 2, na amplifaya nyingi hazikuundwa kubeba mzigo huo.

(iii) Sauti ni nyembamba, kana kwamba msemaji yumo ndani ya mtungi. Huenda spika moja imefungwa kinyume, ikivuta wakati mwenzake inasukuma. Gusisha betri ya volti 1.5 kwa nukta moja, chanya kwenye alama ya chanya. Koni iruke kwenda nje. Ikiingia ndani, geuza waya.

(iv) Spika inapiga mluzi. Maiki inaisikia spika na kuirudishia sauti yake. Spika zikae mbele ya maiki zikiwatazama watu, msemaji aikaribie maiki kiasi cha kiganja, na maiki zisizotumika zizimwe.

(v) Kuna mvumo usiokoma. Huo ni umeme wa TANESCO wa hezi 50 ukiingia kwenye waya wa maiki. Utenge na waya wa umeme, na kagua kama wavu wake wa nje haujakatika.

(vi) Honi ya mnara imepasuka sauti. Kiwambo chake ni chembamba na hakistahimili sauti nzito. Badilisha kiwambo peke yake, na upunguze besi kwenye amplifaya.

Tunatahadharisha: kazi zote hizi ni za upande wa spika. Ndani ya amplifaya kuna umeme unaoua, na kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Huko aingie fundi aliyesoma.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo watakaosema, "Mafundi wapo, msikiti ni mahali pa ibada." Tunawajibu kwamba fundi ni wa kuheshimiwa, lakini asiyejua chochote atalipia chochote. Kamati yenye kijana mwenye mita mkononi haitauziwa amplifaya kwa sababu ya waya wenye kutu. Na ufundi haujawahi kuwa mgeni kwa umma huu. Al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, alieleza vipimo na namna ya kuunda kila kifaa ili fundi mwingine aweze kukiunda upya. Na kabla ya umeme, misikiti mikubwa ilimweka mubaligh, mtu wa kurudia takbira kwa sauti ili safu za mbali zisipotee. Spika imechukua kazi ya mtu yule. Aliyekabidhiwa spika amekabidhiwa amana ileile.

Wapo pia watakaosema kwamba kelele ikizidi ndipo ujumbe unafika. Suratu Al-Israa, aya ya 110, imetuelekeza njia ya katikati baina ya kupaza na kunong'ona. Saudi Arabia yenyewe, mwezi Mei 2021, iliagiza spika za nje za misikiti zitumike kwa adhana na iqama tu, na zisizidi theluthi ya kiwango chake. Nchini kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeigusa kelele, na kanuni zake za kelele na mitetemo zilitungwa mwaka 2015. Jirani mgonjwa, au mwenye mtoto mchanga, ana haki juu yetu hata kama hazijui kanuni hizo.

La kusikitisha ni kwamba wengine wametutangulia. Vikundi vya mchiriku vilivyoenea katika mitaa ya Dar es Salaam miaka ya 1990 vilifanya kazi yao kwa vinanda vidogo vya Casio na vyombo chakavu vya sauti vilivyoungwaungwa. Hatukubaliani na nyimbo wala ngoma zile, lakini haki isemwe: vijana wale walishika vyuma vya kuchomea na kujifunza. Je, wa kwetu, wenye jambo lililo bora la kufikisha, wabaki wakisubiri mchango?

TUNAPENDEKEZA

Kwanza, kila madrasa iteue vijana watatu au wanne, wa kike na wa kiume, kila upande uhudumie sehemu yake. Pili, kamati zinunue mita moja, chuma cha kuchomea na risasi, vitu vya bei ndogo mno ukilinganisha na amplifaya. Tatu, vijana hao waanze kwa kuunda spika moja ya nguzo na kuifunga upande wa akina mama, kisha akina mama wenyewe waulizwe kama wanafahamu. Nne, anayeonyesha kipaji apelekwe VETA Chang'ombe asomee fani za umeme, apate na riziki yake. Tano, mchango wowote wa spika mpya usiitishwe kabla ya zile za zamani kufunguliwa na kupimwa.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikia neno wakalifahamu, na wanaofikisha amana kwa wenyewe. Wabillahi tawfiq.