Jagi la wageni lisiwe na kileo

Desturi ya kukusanyika nyumbani kutazama michezo imekita mizizi katika nchi yetu. Mnamo Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda zilipokuwa wenyeji wa mashindano ya CHAN, wengi waliokosa tikiti za kuingia Kasarani walikutana katika sebule za ndugu, jamaa na majirani. Humo ndimo waliposhangilia Harambee Stars ilipoilaza Morocco bao 1-0, na humo ndimo walipoinamisha vichwa tarehe 22 ya mwezi huo, Madagascar ilipotubandua katika robo fainali kwa mikwaju ya penalti. Wanafunzi nao walikuwa likizoni. Waliketi mumo humo, baina ya wazazi na wageni wa wazazi, wakitazama mpira na kutazama pia yaliyokuwa mikononi mwa watu wazima.

Mikono hiyo aghalabu haikuwa mitupu. Sambamba na desturi hii imezuka nyingine, ya mwenyeji kuwakaribisha wageni wake kwa kinywaji cha mchanganyiko kabla ya kipenga cha kwanza kulia. Kinachojulikana sana miongoni mwa vinywaji hivyo ni kile kiitwacho dawa, ambacho kimejipatia sifa katika mikahawa ya Nairobi: vodka, ndimu, asali na barafu tele. Hatukusudii kuwahubiria watu wazima waliokwisha kuamua kunywa au kutokunywa. Tunalosema ni kwamba kinywaji cha makaribisho hakina budi kuwa chepesi, na wepesi huo hauji kwa kubahatisha. Huja kwa kupima.

Na tupige hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 4.2 ina mililita 21 za kileo halisi. Kipimo kimoja cha vodka, yaani mililita 30 za kinywaji chenye asilimia 40, kina mililita 12. Mtu akitazama tarakimu hizo upesi atadhani vodka ndiyo nafuu. Lakini ni nani apimaye nyumbani? Mwenyeji mkarimu, aliyechangamshwa na gumzo la wageni, humimina kwa kukisia. Akimimina vipimo 3 katika bilauri moja, amemkabidhi mgeni wake mililita 36 za kileo, ambazo ni zaidi ya zilizomo katika chupa moja na nusu ya bia. Mgeni naye huzinywa kwa dakika 10, akiamini kwamba amepewa maji ya ndimu.

Utamu ndio mtego wenyewe. Asali huuficha ukali, barafu huupoza, na ndimu huupa harufu ya usafi. Iwapo mgeni amefika na njaa, kileo huingia katika damu yake kwa kasi zaidi. Mwili wa mtu mzima, kwa wastani, huhitaji takriban saa moja kuondoa kileo cha kipimo kimoja tu cha mililita 30. Aliyekunywa bilauri 2 zenye vipimo 3 kila moja kabla ya mechi, basi, atautazama mchezo wote, mapumziko na nyongeza ya dakika, na kuondoka akiwa bado amelewa. Kama mechi ni ya Ulaya, inayoanza hapa kwetu saa nne au saa tano ya usiku, mtu huyo ataishika barabara baada ya saa sita.

Nini basi kifanyike? Pendekezo letu ni jepesi, nalo halihitaji vyombo vya mkahawa. Jagi linalowekwa mezani lisitiwe kileo hata tone. Litiwe maji ya ndimu, asali, tangawizi iliyosagwa, majani ya mnanaa na maji baridi. Jagi hilo liwe la wote, wazee kwa watoto. Mtu mzima atakaye kileo na aombe, naye mwenyeji amtilie katika bilauri yake mwenyewe, kwa kipimo. Asiye na kipimo ana kijiko cha mezani, ambacho huchukua mililita 15 hivi. Kijiko kimoja cha vodka katika kinywaji cha mililita 250 hutoa mchanganyiko wenye kileo cha asilimia 2.4, ambao ni hafifu kuliko bia. Vijiko 2 huufikisha asilimia 4.8, nao hapo umeshaipita bia tuliyoitaja. Kinywaji chepesi, kwa hiyo, ni cha kijiko kimoja, tena kiandamane na chakula: mihogo, viazi karai, njugu au mahindi ya kuchoma.

Utaratibu huu unalinda jambo jingine tunaloliona kuwa kubwa zaidi. Katika nyumba nyingi, mgeni anywaye kileo huandaliwa bilauri iliyopambwa kwa kipande cha ndimu, ilhali asiyekunywa huletewa soda ya vuguvugu, tena baada ya wenzake wote kuhudumiwa. Mtoto anayelishuhudia hilo hahitaji kuelezwa kwa maneno. Anajifunza kwamba heshima ya utu uzima imo ndani ya chupa. Ilhali nchi yetu haina uhaba wa vinywaji vinavyostahili sinia ya wageni. Pwani kuna ukwaju, mabungo na madafu, na bara kuna pasheni, nanasi na miwa iliyokamuliwa. Sharubati ya ukwaju iliyochujwa vyema na kutiwa tangawizi na barafu haina sababu ya kusimama nyuma ya kileo chochote.

Wapo watakaosema kwamba kila mtu ana mamlaka katika nyumba yake. Ni kweli, lakini mamlaka hayo yana mpaka. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 hairuhusu mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 kuuziwa wala kupewa kileo, na sera ya taifa iliyozinduliwa Julai 2025 ilipendekeza umri huo upandishwe hadi miaka 21. Mjomba anayempa kijana wa kidato cha tatu "aonje kidogo" kwa kuwa timu imefunga bao hafanyi mzaha tu. Wengine watasema kwamba pasipo kileo mechi haina ladha. Hao tunawakumbusha Qatar mwaka 2022, ambako mauzo ya bia kwa mashabiki wa kawaida viwanjani yalifutwa siku 2 kabla ya mechi ya kwanza. Fainali ya Argentina na Ufaransa, iliyokwisha kwa sare ya 3-3 kabla ya penalti, haikupungukiwa na ladha.

Fauka ya hayo, mchanganyiko mtamu ndio maficho mazuri ya kileo bandia. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapoteza uwezo wa kuona. Asali huondoa uchungu ulimini, lakini haiondoi sumu. Chupa isiyojulikana ilikotoka isikaribie kabisa sinia ya wageni.

Kwa walimu tuna ombi mahususi. Hesabu tuliyoipiga hapo juu ni somo la asilimia na ujazo ambalo mwanafunzi wa darasa la saba aweza kulikamilisha kwa dakika chache, nalo litamfaa maishani kuliko hotuba ndefu za kutishana. Aidha, mwalimu naye ni mwenyeji Jumamosi jioni, na majirani zake ni wazazi wa wanafunzi wake.

Kwa wanafunzi twasema hivi: mkitumwa kuandaa sinia, liandaeni jagi hilo kwa ustadi, na mkiulizwa mbona halina kileo, jibuni kwa tarakimu. Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027 lilikabidhiwa nchi zetu 3 mnamo Septemba 2023, na sebule zetu zimekuwa na muda wa kutosha wa kujitayarisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni wajibu wa mwenyeji kuhakikisha kwamba mgeni naye anafika kwake salama.