Alama ya Haki na Mizani ya Kijiji

Pengine mmekwisha kuona, kwenye paketi ya kahawa au ya chokoleti iliyotoka Ulaya, alama ndogo ya mtu aliyeinua mkono wake juu: rangi ya majani mabichi na buluu, na nyuma yake weusi. Watu wengi huipita bila kuitazama, wakidhani ni alama ya kiwanda tu. Lakini tumeulizwa si mara moja: alama ile inashuhudia nini? Nani huitoa? Na mkulima wetu wa Kivu anapata nini kwayo? Leo tunataka kujibu, ijapokuwa jibu lenyewe halitawapendeza wote.

Kwanza turuhusuni tuseme habari ya mizani. Tungali wadogo, tulikuwa tukimsaidia mama yetu kuchukua kahawa kwa mnunuzi mmoja, ambaye jina lake tunaliacha. Mizani yake ilitundikwa kwenye tawi la mti mbele ya duka. Siku moja alitazama mshale, akasema: «Kilo kumi na nne.» Lakini mfuko uleule, asubuhi yake, ulikuwa umepimwa kwa mizani ya jirani yetu, ukaonyesha kilo kumi na saba. Mama hakusema neno. Alipokea fedha, akanunua chumvi na sabuni katika duka la mtu yuleyule, tukarudi nyumbani. Njiani tulimwuliza kwa nini amenyamaza. Akajibu kwamba mnunuzi ni huyo mmoja tu, na mwezi ujao tutamwendea tena.

Maneno hayo tumeyafikiri miaka mingi. Mnunuzi yule hakuwa mtu mbaya kuliko wengine; siku za msiba alikuwa wa kwanza kuleta unga. Bali hakuna aliyeweza kumwuliza neno juu ya mizani yake, na mtu asiyeulizwa huzoea.

Wakulima wenye mnunuzi wa namna hiyo walikuwako pia mbali sana na kwetu, katika Meksiko, kwenye milima ya Oaxaca. Huko wachuuzi wa kahawa waliitwa kwa jina la mnyama mmoja, ndugu yake mbweha, na jina hilo linatosha kuonyesha jinsi watu walivyowaona. Padri mmoja wa Uholanzi, Frans van der Hoff, mwana wa wakulima, alikwenda kukaa kati yao, akalima kahawa pamoja nao. Mwaka 1983 wakulima wale waliunda chama chao, UCIRI, ili wauze mazao yao wenyewe. Lakini kuuza nje peke yao kulikuwa kugumu. Ndipo padri yule aliposhauriana na Nico Roozen wa shirika la Solidaridad la Uholanzi, na mwaka 1988 wakatoa alama ya kwanza ya biashara ya haki, wakaiita Max Havelaar. Jina hilo walilitoa katika kitabu cha mwaka 1860, kilichofunua jinsi wakulima wa kahawa wa Java walivyoonewa wakati wa ukoloni wa Waholanzi. Wakulima wa Oaxaca hawakutaka sadaka. Walitaka kulipwa bei ambayo mtu anaweza kulelea watoto wake. Padri Frans alifariki mwaka 2024, naye alikuwa amekaa katika milima ile kwa miaka zaidi ya arobaini.

Alama ilikuja kwa wakati wake. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka karibu nusu. Mwaka 2001 ilishuka hata chini ya senti 50 za dolari kwa ratili moja, yaani gramu 453. Katika nchi nyingi watu waling'oa miti ya kahawa wakapanda mihogo.

Na kwetu? Katika miaka ya 1980 nchi yetu, iliyoitwa Zaïre wakati ule, ilikuwa ikipeleka nje kahawa kupita tani 100,000 kwa mwaka. Kisha yakaja magonjwa ya miti, barabara zikaharibika, na tangu 1996 vita. Mashine za kuoshea kahawa zilishika kutu, wanunuzi walikimbia. Mkulima wa Minova au wa Kalehe alikuwa na kahawa nzuri, ya milima mirefu na udongo wa volkano, lakini hakuwa na mtu wa kumwuzia. Basi alifanya nini? Aliitwanga nyumbani kwa jiwe, akaianika chini, akaitia katika mashua usiku, akavuka ziwa Kivu kwenda kuibadili Rwanda kwa chumvi, sabuni na nguo. Mashua zilikuwa ndogo, mizigo mizito, na upepo wa ziwa lile hauna huruma. Wanaume wengi hawakurudi. Ndiyo sababu hata leo, ukipita katika vijiji vya ufuko ule, utakuta wajane ambao waume wao hawakuuawa na risasi wala ugonjwa: waliuawa na mfuko wa kahawa.

Hapo ndipo mtu mmoja wa huko, Bwana Joachim Munganga, alipoanzisha chama cha wakulima mwaka 2003, SOPACDI. Alikuwa na shauri jepesi kulisema na gumu kulitenda: kuosha kahawa vizuri huku kwetu, na kuiuza waziwazi kwa karatasi, ili mtu asivuke ziwa usiku. Mwanzo wanachama walikuwa mamia machache tu. Baadaye walifika maelfu, watu wa makabila ambayo miaka michache kabla yake yalikuwa yakitazamana kwa hofu. Chama hicho kilikuwa cha kwanza katika Kongo kupata alama ya biashara ya haki kwa kahawa yake. Kahawa ya wanawake, wengi wao wajane tuliowataja, iliuzwa peke yake, ikalipiwa nyongeza. Mwaka 2009 kikafuata chama cha Muungano, huko Kalehe, nacho kikafika kuuza Ulaya na Marekani.

Sasa tueleze alama inavyofanya kazi, maana wengi wanaisifu bila kuijua. Kwanza kuna bei ya chini: hata soko la dunia likianguka, mnunuzi mwenye alama hawezi kulipa chini yake. Kwa kahawa ya arabika iliyooshwa, bei hiyo ilikuwa dolari 1.40 kwa ratili tangu 2011, na mwaka 2023 ilipandishwa hata dolari 1.80. Pili kuna nyongeza ya senti 20 kwa kila ratili, ambayo haiendi mfukoni mwa mtu mmoja, bali huingia katika sanduku la chama, na mkutano mkuu wa wanachama ndio unaoamua itumike kwa nini. Ila senti 5 kati yake sharti zitumike kwa kuongeza mavuno na uzuri wa kahawa.

Ninyi wanafunzi, chukueni kalamu. Kontena moja la kahawa lina mifuko kama 320, kila mfuko kilo 60. Kilo moja ni ratili mbili na zaidi kidogo. Mkipiga hesabu vizuri mtaona kwamba nyongeza ya kontena moja tu yapita dolari 8,400. Kwa fedha hizo kijiji chaweza kutengeneza daraja, au kununua meza za kuanikia. Au pia zaweza kupotea, na wanachama wasijue kamwe kwamba ziliingia. Tumepiga hesabu hii kusudi, maana mahali pengine tuliwauliza wanachama nyongeza ni nini, wakatujibu kwamba ni zawadi ya rais wa chama.

Wakaguzi wanakuja, ni kweli. Wanatumwa na ofisi ya FLOCERT, ambayo makao yake ni Bonn, Ujerumani. Wanasoma vitabu, wanazungumza na wakulima, wanauliza habari za watoto na za wafanya kazi. Lakini mkaguzi hukaa siku chache, kisha huondoka. Tena, jambo ambalo wengi hawalijui: chama chenyewe ndicho kinacholipia ukaguzi huo. Tunaona ni jambo la ajabu kidogo kwamba maskini alipe ili athibitishwe kuwa mwaminifu, na tajiri asiye na alama asiulizwe chochote. Wala chama hakiuzi mavuno yake yote kwa bei ya alama. Huuza kiasi kile tu ambacho wanunuzi wa alama wamekiagiza, na mengine huenda kwa bei ya soko.

Kuna jaribu jingine, nalo huja wakati wa neema. Katika Februari 2025 bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York ilipita dolari 4 kwa ratili. Wakati kama huo bei ya chini haina kazi, na mchuuzi apitaye njiani hutoa fedha taslimu saa ileile, huku chama kikisema: «Ngojeni, tutawalipa mabaki meli ikifika.» Mama mwenye mtoto mgonjwa hawezi kula ahadi. Tusimhukumu upesi yule auzaye pembeni. Lakini chama kilichokwisha kuahidi kontena tatu, kikapata moja, kitapoteza jina lake kwa mnunuzi, na jina hilo lilijengwa kwa miaka mingi. Viongozi wanaosema wazi tangu mwanzo wa mavuno fedha gani zipo na zipi hazipo, wanabaki na wanachama wao. Wale wanaoficha, wanaachwa.

Kwa hiyo tunarudi penye mizani. Matunda mekundu ya kahawa sharti yakobolewe siku ileile ya kuchumwa. Basi jioni mistari ya watu hujipanga mbele ya kiwanda cha kuoshea, vikapu vichwani, watu wamechoka, giza linaingia. Kama kilo sita au saba za matunda hutoa kilo moja ya kahawa ya kuuza. Saa ile ndiyo saa ya haki au ya wizi. Je, mshale unaangaliwa na mwenye kikapu, au na karani peke yake? Je, bei ya siku imeandikwa ubaoni? Je, mwenye kikapu anapewa karatasi yenye kilo zake? Je, vikapu vitupu vilipimwa kwanza? Mkaguzi wa Bonn hayupo jioni ile. Aliyepo ni mke wa fulani na mtoto wake wa darasa la sita, anayejua kusoma namba.

Na tukisema mke wa fulani, tunagusa kidonda. Katika nyumba nyingi mama ndiye achumaye, achukuaye na aanikaye, lakini kadi ya chama ina jina la baba, na fedha hupokewa naye. Katika kisiwa cha Idjwi shirika la Rebuild Women's Hope, lililoundwa na Mama Marcelline Budza mwaka 2013, lilianza upande huo: mama aandikwe kwa jina lake, apime kahawa yake, apokee fedha yake mwenyewe. Baadhi ya wanaume walinung'unika mwanzoni, kama ilivyo desturi yetu. Sisi hatuoni jinsi chama kinavyoweza kuitwa cha haki ikiwa nusu ya wafanya kazi wake haimo katika kitabu.

Katika Januari 2025 vita vilifika Minova tena, na watu wengi wakakimbia na mizigo yao kwa njia ya ziwa lilelile. Lakini miti ya kahawa haikimbii, na matunda hayangoji amani ili kuiva. Vitabu vya vyama, vile vyenye majina na kilo za kila mtu, ni karatasi tu. Moto waweza kuviteketeza kwa dakika chache. Ikiwa wewe ni mwanachama, mwaka huu, kabla ya mavuno, itafute karatasi yako ya mwisho uliyopewa penye mizani. Ikiwa unayo, itie katika kopo pamoja na cheti cha ubatizo cha watoto. Ikiwa hukupewa, enda ukaiombe.