Hoja Iliyokataliwa

Wako wasemao kwamba neno likikataliwa barazani limepotea bure. Mimi siwaafiki. Phoebe Asiyo wa Kenya alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza chama cha Maendeleo ya Wanawake, mwaka 1958. Baadaye alichaguliwa Mbunge wa Karachuonyo. Mwaka 1997 alitoa hoja kwamba wanawake wapewe nafasi zaidi Bungeni, ikakataliwa. Lakini Katiba ya mwaka 2010 iliagiza kwamba wabunge wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Alifariki mwaka 2025, agizo hilo lisijatimizwa. Apandaye mbuni Kasulu au Kibondo hachumi mwaka ule ule, wala hauiti mche wake bure. Basi, wanafunzi, neno la haki lisemeni, ingawa mtashindwa siku hiyo.