Nasaba Tunaihifadhi, Maradhi Tunayaficha



Katika daftari la mazishi la msikiti wetu imo safu ya sababu ya kifo. Mara nyingi wafiwa hutuomba tuandike "maradhi ya muda mrefu", nasi huandika hivyo. Juma lililopita tulikuwa tukitafuta tarehe tu, tukakuta wanawake watatu wa ukoo mmoja, shangazi na mabinti wawili wa kaka yake, hakuna aliyefikia miaka 50, wote wameandikiwa maneno hayo hayo.

Tukamkumbuka Mary-Claire King, mwanasayansi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1946 na kuanzia masomo yake katika hisabati. Mnamo miaka ya 1970 alijiuliza kama iko saratani ya matiti inayorithiwa. Wataalamu wengi zama hizo walikuwa wakivishuku virusi, na mashine za leo za kusoma vinasaba hazikuwapo. Alichokuwa nacho ni nasaba: nani kazaliwa na nani, nani aliugua, na aliugua akiwa na umri gani. Swali hilo la umri ndilo lililofungua mlango. Alikusanya habari za koo 23 zenye wagonjwa 146. Zilipopangwa kwa umri, zile ambazo wanawake waliugua wangali vijana zilielekeza mahali pamoja katika kromosomu namba 17. Hayo aliyatangaza mwaka 1990, baada ya kazi ya zaidi ya miaka 15. Jeni yenyewe, iitwayo BRCA1, ilipatikana na kundi jingine mwaka 1994.

Kutokana na jeni hiyo seli hutengeneza protini inayosaidia kurekebisha vinasaba vilivyokatika. Ikiwa na hitilafu, makosa hulimbikizana, na zaidi ya nusu ya wanawake walioirithi huugua saratani ya matiti. Hatari ya saratani ya ovari nayo huongezeka. Tusitishane, hata hivyo: saratani nyingi za matiti hazitokani na urithi wa namna hii.

Lakini wengi wetu hudhani maradhi haya hupita kwa mama pekee. Sivyo. Baba anaweza kuibeba hitilafu hiyo bila kuugua kamwe, na kila mtoto wake, wa kiume au wa kike, ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Basi ugonjwa wa shangazi unamhusu binti.

Tunajua kwa nini hufichwa. Posa huanza na maulizo, na mzazi huchelea binti asije akakosa mchumba. Wengine husema kuyataja ni kumsengenya marehemu. Sisi hatuoni hivyo: kumweleza binti chumbani ili awahi kwa daktari si sawa na kuyatangaza barazani.

Wale mabinti wawili wana mdogo wao. Baada ya Ijumaa tulimwendea baba yao, mzee anayeweza kukuhesabia babu zake saba bila kusita. Tukamuuliza dada yake aliugua nini, na akiwa na miaka mingapi. Alikaa kimya kitambo, akaitaja saratani kwa sauti ya chini, na umri, miaka 38. Kisha akamwita binti yake aje aketi nasi.