Radi ya Sumbawanga Haina Mwenyewe

Wadau, leo naanza na kale kautani ketu. Ukiwa Dar ukisema tu kwamba kwenu ni Sumbawanga, meza nzima inachangamka. Mmoja anasogeza kiti. Mwingine anauliza kama ulikuja kwa basi au kwa ungo. Wa tatu anaomba usimtumie radi ya mchana kweupe. Wote wana shahada zao, wote wanacheka. Mimi nasema utani huu umetosha, kwa sababu ndani yake mna damu.

Subirini, sijaja kulialia. Nataka kuwapeleka kwenye meza ya mshkaji wangu mmoja, fundi wa redio na tivii hapa Sumbawanga mjini. Huyu jamaa anatengeneza radi kweli. Radi ya urefu wa shubiri.

Kifaa chenyewe kinaitwa koili ya Tesla, kwa jina la Nikola Tesla aliyeibuni mwaka 1891. Ya Tesla ilitumia pengo la cheche kuukatakata umeme. Ya mshkaji inatumia transista mbili za aina ya mosfeti alizochomoa kwenye mashine mbovu. Amesuka waya mwembamba wa shaba, ule wa kusukia mota, mizunguko kama 900 juu ya bomba la plastiki. Chini yake kuna mizunguko michache ya waya mnene. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukishanyooshwa unafika volti 325 hivi. Mosfeti zinaukatakata mara laki kadhaa kwa sekunde, na mapigo yakilingana na mdundo wa asili wa ile koili ndefu, volti zinapanda mpaka hewa inapasuka. (Msiige kwa pupa jamani, volti 325 zinaua.)

Siku ya kwanza hewa haikupasuka. Zilipasuka mosfeti.

Mtu mmoja dirishani akasema, "Kuna mtu hapa mtaani hataki ufanikiwe." Fundi hakumjibu. Alichomoa waya ukutani, akasubiri kapasita ziishiwe umeme, akazipima kuhakikisha. Akapima miguu ya mosfeti: zote mbili shoti. Akaweka nyingine, ila safari hii akaunga balbu ya wati 100 mfululizo kwenye umeme unaoingia, ili kukiwa na shoti balbu ibebe mzigo. Akawasha. Balbu ikawaka kwa nguvu zote! Maana yake mosfeti, ambazo zinatakiwa kupokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, zilikuwa zinashuka pamoja na kuupitisha umeme moja kwa moja. Akageuza nyaya mbili za upande mmoja wa transfoma ndogo inayoziamsha. Balbu ikazima.

Lakini cheche hakuna. Kimya. Akaishuku ishara inayorudi kutoka koili ndefu kuja kuziongoza mosfeti. Ikirudi kinyume, inaua mdundo badala ya kuukuza, kama kumsukuma mtoto wa bembea wakati anakuja kwako. Akageuza ncha za koili nene. Cheche ikatoka, ila dhaifu. Akafuata waya wa ardhini, akakuta chuma chake kimechomekwa juu juu kwenye udongo mkavu wa kiangazi. Akakishindilia zaidi, akamwagia ndoo ya maji. Cheche ikafika shubiri.

Kasoro tatu, sababu tatu. Kila mara alishuku, akabadilisha kitu KIMOJA, akapima tena. Hakuna jirani aliyetajwa jina.

Sasa linganisheni na tunavyofanya radi kubwa inapopiga. Ufipa ni nyanda za juu, mji wa Sumbawanga uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika upande mmoja na Ziwa Rukwa upande mwingine. Mvua zinaanza Novemba mpaka Aprili. Sehemu kubwa ni nyasi wazi, ambako kitu kirefu kuliko vyote ni mti mmoja, au mtu na jembe lake begani. Radi inapiga, ng'ombe wanakufa, na kabla jua halijazama jina la bibi fulani limeshapita kijiji kizima.

"Mbona walikufa ng'ombe watano kwa mpigo?" Kwa sababu umeme ukishashuka kwenye mti unasambaa ardhini, na mnyama ambaye miguu ya mbele iko mbali na ya nyuma unampitia mwilini. "Mbona jua lilikuwa linawaka?" Kwa sababu radi inaweza kutoka kwenye wingu na kupiga zaidi ya kilomita 10 kutoka hapo. Hiyo ndiyo radi yenu ya mchana kweupe!

Mtasema koili ya mezani si wingu. Ni kweli, chanzo cha umeme ni tofauti. Lakini hewa inayopasuka ni ile ile, na maswali ya kuuliza ni yale yale: umeme umetoka wapi, umepita wapi, umeingiaje ardhini?

Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba sehemu ya Afrika inayopigwa radi nyingi kuliko zote iko karibu na Kabare, mashariki ya Kongo. Sumbawanga haishiki namba moja hata kwa radi tunayosifiwa nayo. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Baadaye shirika la ACLENet liliifungia shule hiyo mfumo wa kukinga radi: vyuma juu, nyaya mpaka ardhini. Oktoba 2018 ikawa zamu yetu, wanafunzi sita wakafa Geita. Je, shule ngapi mnazozijua zina huo waya? Hesabuni kimoyomoyo.

Sasa turudi kwenye damu. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu za miaka ya 2010 zilihesabu nchini mauaji yatokanayo na imani za uchawi kwa mamia kila mwaka, na waliouawa wengi ni wanawake wazee. Aliyeshika panga hakuanza na panga. Alianza na kauli kwamba kila baya lina mtu nyuma yake. Na ninyi wasomi mnaocheka mezani mnaipa kauli hiyo heshima. Sisi waandishi ndio wabaya zaidi: tukiandika "radi ya ajabu" bila kumuuliza hata mwalimu mmoja wa fizikia, tumeshamwonyesha mtu nyumba ya bibi.

Wenye kusema Ufipa haijui kingine zaidi ya uchawi waende wakasome habari za malungu. Wafipa walijenga tanuri za udongo zenye urefu wa mita tatu hivi, zinazovuta hewa zenyewe bila mivukuto, wakayeyusha chuma. Kisha wakakisafisha kwenye tanuri ndogo ziitwazo vintengwe. Dawa waliweka pia, sifichi. Lakini dawa peke yake haiyeyushi jiwe. Udongo mbaya au mkaa hafifu ulihitaji mtu wa kuugundua na kuubadilisha, kama mshkaji na balbu yake.

Mshkaji aliomba kuionyesha koili yake kwenye shule moja hapa mjini, siitaji. Akaambiwa wazazi watasema watoto wanafundishwa kurusha radi. Wanafunzi hao wanakariri umeme ubaoni, halafu masika wanajikinga chini ya mti.

Watu wengi hapa hulitafsiri jina Sumbawanga kuwa ni "tupa uchawi". Basi tuanze kutupa. Bajeti ya kila darasa jipya iwe na waya wa radi. Mwandishi anayeripoti radi aandike wingu lilikuwa wapi, mti ulikuwa wapi, bati lilikuwa na waya au halina. Na wewe ukisikia utani wa radi ya Sumbawanga, usicheke. Uliza tu: nani aliyepima?

Nawasilisha.